Ng'ombe wa Barabara ya Ituri

Ng'ombe wanaoliwa Kisangani hawazaliwi Kisangani. Msitu wetu una mbung'o, mbung'o huleta nagana, ugonjwa wa ng'ombe, na tangu zamani mji huu umekuwa ukingoja nyama itoke mbali. Inatoka Ituri, kwa barabara ya taifa namba 4, kupitia Komanda, Nia-Nia na Bafwasende. Ng'ombe wengine huja kwa miguu mbele ya wachungaji wao. Wengine hupakiwa malori, lori likikwama matopeni wanashushwa, wanalala kando ya njia, wanapandishwa tena. Miaka hii wapo pia wanaoteremka kwa barabara ya Buta, mali ya wafugaji Wambororo waliovuka kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati wakakaa Bas-Uele. Siku za kawaida mtu wa Boyoma, ndivyo tunavyouita mji wetu, hula samaki, sombe (majani ya muhogo) na lituma (ndizi za kuponda), au nyama ya pori akiipata. Ng'ombe ni wa harusi, wa matanga, wa mshahara ulioingia.

Mjomba wangu, ambaye sote tulimwita Noko, alichinja na kuuza nyama hiyo maisha yake yote. Mimi nilisoma biolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani, nikaishia maabarani. Ninayotaka kuyasema hapa nimeyapata kwake na kwenye hadubini, na sehemu zote mbili nilizihitaji. Yanahusu bakteria anayekaa ndani ya ng'ombe mzima bila kumdhuru hata kidogo, kisha akimfikia mtoto humharibu figo.

Noko alikuwa na jicho. Kabla ya kutaja bei alimzunguka mnyama taratibu, mikono nyuma. Alitazama pua kama ina unyevu, macho kama yanang'aa, manyoya kama yamelala vizuri, mavi kama ni mazito au maji. Akishachinja alifuata yale yale ambayo mkaguzi wa mifugo huyafuata: alipasua ini kutafuta minyoo, alibonyeza mapafu kwa vidole kutafuta vinundu vya kifua kikuu, alikata misuli ya taya na moyo kutafuta mbegu za tegu. Ini lenye minyoo alilitupa, hata siku ambayo hakuwa na faida nyingine.

"Mama," aliniambia (ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu nilipewa jina la mama yake), "ng'ombe hasemi uongo. Mtazame vizuri, atakuambia kila kitu."

Kwa magonjwa mengi alikuwa sahihi. Chukua kimeta. Bakteria wa kimeta hutoa sumu, na sumu hiyo humwangusha ng'ombe kwa saa chache. Mzoga huvimba haraka, damu nyeusi isiyoganda hutoka puani na nyuma, na mchinjaji yeyote mwenye uzoefu huweka kisu chini akaenda zake. Mwezi wa Aprili 2025, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, na hakuna aliyehitaji hadubini kujua kwamba kuna msiba: miili ilielea majini. Zaidi ya hayo, bakteria wa kimeta hutofautiana kidogo sana kinasaba. Ukimchukua mmoja wa Afrika na mwingine wa Ulaya ukawasoma vinasaba herufi kwa herufi, utachoka kabla hujaona tofauti. Wanalala udongoni miaka mingi wakiwa mbegu, hawazaliani, kwa hiyo hawabadiliki.

Huyu wangu ni kinyume chake kwa kila jambo.

Jina lake ni Escherichia coli, na yumo tumboni mwangu na mwako sasa hivi, katika aina zisizo na madhara, nyingine zenye faida. Lakini baadhi ya aina zake zimebeba jeni ya sumu inayoitwa sumu ya Shiga. Kiyoshi Shiga alikuwa daktari wa Japani. Mwaka 1897, wakati kuhara damu kulipoua maelfu ya watu nchini kwake, alimtambua bakteria aliyesababisha, yule anayeitwa leo Shigella dysenteriae. Huyo sisi wa mashariki ya Kongo tunamjua kwa uchungu. Mwaka 1979 mlipuko wake ulianza kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, ilipokuwa ikiitwa Zaire, ukaenea Rwanda, Burundi na Tanzania kwa miaka mingi, huku dawa moja baada ya nyingine zikishindwa kumuua. Mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi za Goma, kipindupindu kilipoanza kupungua, ni yeye aliyefuata.

Sumu ya Shigella yule na moja ya sumu za E. coli wa ng'ombe zinakaribia kuwa kitu kimoja: katika protini nzima hutofautiana kwa kipande kimoja tu. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga daftari nikatoka nje. Maana watu wa umri wa mama yangu walipokuwa wakihadithia kuhara damu kwa miaka ile, hakuna aliyewahi kutazama upande wa zizi.

Jeni ya sumu si mali ya asili ya bakteria huyu. Imo ndani ya kirusi kinachoshambulia bakteria, ambacho wataalamu hukiita faji. Faji huingia ndani ya bakteria, hujichomeka katikati ya vinasaba vyake, hukaa kimya vizazi na vizazi, kisha siku moja huamka, hujizidisha, humpasua mwenyeji wake na kutoka na sumu. Hapo ndipo huenda kutafuta bakteria mwingine, kama abiria wa toleka anayeshuka baiskeli moja na kupanda nyingine. Ndiyo maana sumu hiyo hiyo hukutwa leo katika aina moja ya E. coli, kesho katika nyingine isiyo na undugu wa karibu na ile ya kwanza.

Mwaka 2001 wanasayansi wa Japani walichapisha vinasaba vyote vya aina iliyowaletea ugonjwa maelfu ya wanafunzi wa shule katika mji wa Sakai mwaka 1996. Urefu wake ulikuwa takriban herufi milioni 5.5. Walipoilinganisha na E. coli mpole wa maabara, mwenye herufi milioni 4.6, walikuta kwamba wanashirikiana kama milioni 4.1 tu. Kilichobaki, zaidi ya milioni moja, kilikuwa mali ya kuokota njiani, na ndani yake mlikuwa na faji 18. Viumbe viwili vyenye jina moja, na tofauti kubwa namna hiyo! Kwa mwanafunzi aliyezoea kuandika "E. coli: yupo" au "E. coli: hayupo" kwenye karatasi ya majibu, hesabu hizo zilikuwa somo kubwa kuliko mihadhara yote ya mwaka ule.

Na ng'ombe, kwa nini haugui? Sumu ya Shiga huingia katika seli kwa kushika kipokezi fulani, aina ya mafuta yaliyoungana na sukari, ambacho kimejaa kwenye mishipa midogo ya damu ya figo za binadamu, hasa za watoto. Mishipa ya damu ya ng'ombe haina kipokezi hicho. Sumu inapita tu. Bakteria wenyewe, hasa wale wa kundi la O157, hupenda kukaa kwenye sentimita chache za mwisho za utumbo, pale karibu kabisa na kutokea. Ng'ombe wachache kati ya wengi huwatoa kwa wingi mno katika mavi yao, na leo anaweza kuwa huyu, baada ya wiki mwingine. Pua yao ina unyevu. Macho yao yanang'aa. Noko angewanunua wote, na mimi pia.

Ulimwengu ulishtuka mwaka 1982, watu wa Oregon na Michigan, Marekani, walipohara damu baada ya kula hambaga, na O157:H7 akapewa jina na sifa. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilipiga marufuku nyama ya kusaga yenye O157. Ikabidi ingoje hadi 2012 ndipo ikaongeza makundi mengine sita: O26, O45, O103, O111, O121 na O145. Katika miaka hiyo kati ya marufuku ya kwanza na ya pili hao sita hawakuwa wapole. Walikuwa hawatafutwi.

Kwa nini hawakutafutwa, nililielewa kwa macho, mezani kwangu. Kipimo rahisi cha kumpata O157 ni agari ya MacConkey iliyotiwa sukari iitwayo sorbitoli. Unapaka kinyesi juu ya kisahani, unakiweka kwenye joto la nyuzi 37, unangoja usiku mzima. E. coli wengi hula sorbitoli, na asidi wanayoitoa hugeuza vituta vyao kuwa na rangi ya waridi. O157 haili upesi, hivyo vituta vyake hubaki vyeupe vilivyofifia, kama havina rangi. Asubuhi unakisogeza kisahani dirishani na kukiinamisha kidogo ili mwanga upite. Uwanja mzima wa waridi, na pengine, pembeni, doa moja lililopauka. Moyo unadunda. Unalichota kwa sindano, unalipima zaidi.

Lakini O26 hula sorbitoli. O103 hula. O111 hula. Wako pale pale kwenye kisahani, wamevaa waridi kama ndugu zao wapole, na jicho haliwezi kuwatofautisha. Ili uwapate ni lazima utafute jeni yenyewe ya sumu kwa kipimo cha PCR, na hata ukiipata unapaswa kuuliza tena: ni sumu ya kwanza au ya pili? Maana ya pili ndiyo hatari zaidi kwa figo, na hiyo ya pili nayo ina matawi mengi, tawi la 2a likiwa baya kuliko yote. Tawi la 2e huwaletea nguruwe ugonjwa. Je, bakteria huyo ana pia jeni ya kumshikilia ukutani mwa utumbo? Mwenye sumu bila mshiko, na mwenye vyote viwili, si hatari sawa. Yote hayo yanahitaji umeme, na umeme wa Kisangani, mnaujua. Usiku ambao mtambo wa Tshopo ulizima, kisanduku cha joto kilipoa, na asubuhi visahani havikusema lolote. Barafu ya kuhifadhia sampuli tuliinunua kwa akina mama wauza samaki.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Mwaka 1992, baada ya ukame ulioua ng'ombe wengi na mvua zilizofuata, O157 aliwapeleka maelfu ya watu wa Uswazi na Afrika Kusini zahanati wakihara damu, na maji yaliyochafuliwa na mavi na mizoga ndiyo yaliyoshukiwa. Mwaka 1996 alijitokeza Jamhuri ya Afrika ya Kati, jirani zetu wa ng'ambo ya Mbomou, akihusishwa na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Mwaka 2001 watafiti waliripoti E. coli wenye sumu hii kwa ng'ombe wazima wa Uganda. Mwaka 2004 jarida la Emerging Infectious Diseases lilichapisha taarifa ya O157 Kinshasa, na miongoni mwa walioiandika alikuwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyechunguza mlipuko wa Ebola Yambuku. Mwaka 2012 ikaja kazi juu ya wagonjwa wa kuhara katika nchi ya Wamaasai, Kenya. Ukizichora sehemu hizo kwenye ramani, barabara ya Ituri na barabara ya Buta zinapita katikati.

Sasa nifike pale ambapo elimu hii ilinifaa, na haikuwa maabarani.

Ng'ambo ya mto, huko Lubunga, baada ya matanga ya mzee mmoja, watu wa nyumba kadhaa walianza kuhara damu. Ng'ombe wa matanga alinunuliwa kwa kijana mchungaji wa Kimbororo aliyekuwa ameteremka na wanyama wachache. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikwisha kuhukumu: ni ng'ombe wa wageni, wamekuja na sumu yao kutoka huko walikotoka. Kijana alifichwa ndani ya nyumba ya mwenyeji wake, na vijana wa mtaa walikuwa wamekaa mlangoni. Chifu wa mtaa aliita mkutano, na kwa kuwa nilikuwa nimekuja kuzika, na watu walijua kazi yangu, aliniomba niseme.

"Dada," alisema, "wewe ni mtu wa maabara. Ukimpima ng'ombe wake mmoja aliyebaki, ukakuta huyo mdudu, si itakuwa imekwisha?"

Swali lilikuwa zuri, na watu walinyamaza. Nikajibu nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili chetu, na Kilingala kidogo kwa ajili ya wazee.

Niliwaambia habari ya Hamburg. Mwaka 2011, mwezi wa Mei, watu wa kaskazini mwa Ujerumani walianza kuhara damu, na figo za wengi zikasimama. Wakubwa wa afya wa Hamburg walipima matango yaliyotoka Hispania, wakakuta E. coli mwenye sumu ya Shiga. Wakatangaza. Nchi zikafunga milango, wakulima wa Hispania wakatupa mazao yao mashambani, hasara ya mamilioni ya euro. Kisha vipimo vya kina vikaja: bakteria wa matango kweli alikuwa na sumu, lakini hakuwa yule aliyekuwa akiwaua wagonjwa. Yule wa wagonjwa alikuwa O104:H4, aina ya ajabu iliyobeba faji ya sumu ndani ya mwili wa bakteria wa ukoo mwingine kabisa. Hatimaye ikajulikana kwamba alitoka kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa kwa ajili ya saladi. Watu zaidi ya 50 walikufa. Nikawaambia pia kwamba ndugu wa karibu wa huyo O104:H4, asiye na sumu ya Shiga, alikwisha kupatikana zamani kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, huko huko ambako mlangoni palikuwa panasemwa ndiko uovu wote unakotoka. Na kwamba hata hivyo hakuna Mjerumani aliyekufa kwa kosa la mtu wa Bangui.

"Kwa hiyo," nikasema, "nikimpima ng'ombe wa kijana huyu naweza kumpata bakteria mwenye sumu. Nikimpima ng'ombe wa Bunia naweza kumpata pia. Nikiwapima mbuzi wenu wanaolala chini ya vitanda, naweza kuwapata. Kundi moja la ng'ombe huwa na aina nyingi kwa wakati mmoja, na mnyama mmoja anaweza kubeba zaidi ya moja. Kumkuta mwenye sumu hakutoshi. Lazima yule wa mtoto mgonjwa na yule wa ng'ombe walingane, kipande kwa kipande. Bila hivyo tunamshika mtu kwa sababu ya sura yake."

Mzee mmoja akauliza maji ya matanga yalichotwa wapi. Ikajulikana kwamba yalichotwa kwenye kisima kilicho chini ya vyoo vya matanga, na kwamba matumbo ya ng'ombe yalioshwa hatua chache kutoka hapo. Mwingine akakumbusha kwamba kabichi ilikatwa juu ya ubao uliokatiwa nyama. Mkutano ukageuka kuwa wa kisima. Kijana aliondoka usiku kwa pirogi, salama, ingawa hakulipwa faranga zake zote, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Miongoni mwa wagonjwa wale alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka minne. Hakuwa na homa. Alikuwa amepewa dawa ya amiba, kama anavyopewa karibu kila mtu wa mji huu anayehara damu, na damu ilikuwa imekoma. Nyumbani walifurahi. Kisha, ilipokaribia wiki tangu alipoanza kuhara, mama yake aliniita nimtazame: uso umevimba chini ya macho, midomo imepauka, na tangu jana hajakojoa. Hivyo ndivyo ugonjwa wa figo wa sumu ya Shiga unavyokuja, baada ya watu kukaa na kupumua. Kati ya watu waliogunduliwa kuwa na O157, kwa kawaida mmoja katika kila kumi hadi ishirini hufikia hapo. Seli nyekundu za damu zinakatika, chembe za kugandisha damu zinapungua, figo zinaziba.

Tulivuka mto naye asubuhi ile ile. Hospitalini daktari alielewa upesi. Alimpa damu, akampimia maji ya kunywa kwa uangalifu, asizidi, asipungue. Mama alipewa kazi ya kupima mkojo, na kwa kuwa hakukuwa na chombo, alitumia kopo la majarini alilolichora mistari kwa msumari. Kila tone lilihesabiwa. Siku mistari ilipoanza kupanda tena alinionyesha kopo lile kwa mikono miwili. Mtoto alipona.

Simlaumu muuguzi aliyempa dawa ya amiba, wala simlaumu yeyote anayeandika antibiotiki kwa kuhara damu mahali pasipo na maabara. Shigella akiwa ndiye, antibiotiki huokoa maisha, na anayemnyima mgonjwa anaua. Lakini akiwa E. coli mwenye sumu, baadhi ya antibiotiki humwamsha yule faji aliyelala, na bakteria anayekufa humwaga sumu zaidi kuliko aliyeachwa. Ugonjwa mmoja kwa macho, tiba mbili zinazopingana. Kwa hiyo ninawaomba wauguzi wa Lubunga, wa Mangobo, wa Kabondo, waulize mambo ambayo hayahitaji umeme. Je, kuna homa kali? Shigella kwa kawaida huja nayo. Huyu mwingine mara nyingi haji nayo. Je, mtoto anakojoa? Amepauka? Na wamwambie mama arudi hata kama damu imekoma, hasa kama damu imekoma, mpaka wiki mbili zipite. Na kabla ya kidonge cha kwanza, kinyesi kidogo kiwekwe pembeni, kwenye barafu, ili kiweze kupelekwa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti, Kinshasa, ndege ikipatikana. Kinyesi kilichochukuliwa baada ya dawa hakisemi sana.

Noko nilimweleza haya yote jioni moja, yeye akinoa kisu. Nilidhani atakasirika, kwa maana nilikuwa nikimwambia kwamba jicho lake la miaka yote halimwoni adui huyu, na halitamwona kamwe. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Umesema anakaa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole juu ya meza: sentimita hizi chache za mwisho. Akacheka kidogo, akasema, "Basi huyo anafungwa."

Siku iliyofuata alifanya jambo ambalo viwanda vikubwa vya nyama duniani hulifanya, na hakuwa amelisoma popote. Baada ya kumning'iniza mnyama, kabla ya kupasua tumbo, alikata kuzunguka njia ya haja kubwa, akaivuta nje kidogo, akaivika mfuko wa plastiki, akaufunga kwa kamba imara mara mbili, ndipo akairudisha ndani. Utumbo ulipotoka wote, haukudondosha kitu juu ya paja. Kisha akawafundisha vijana wake kuchuna ngozi wakiikunja kwenda nje, upande wa manyoya usiguse nyama, na mkono ulioshika manyoya usishike kisu mpaka unawe. Bakteria wasiofika mia moja wanatosha kumwangusha mtoto, na unyayo mmoja wa mavi una mamilioni. Kwa kipande kizima cha nyama, uchafu hukaa juu na moto huumaliza. Nyama ya kusaga ndiyo inayoingiza cha juu ndani, na mishikaki ya barabarani inayotolewa motoni ikiwa bado nyekundu katikati haina usalama ikiwa nyama ilisagwa au ilitobolewa na kijiti kichafu.

Kazi ngumu ilibaki kwenye matumbo. Akina mama wanaoyanunua kwa Noko na wenzake huyaosha mtoni, kwa sababu matumbo ni rahisi kuliko paja na ndiyo yanayowalisha watoto wao na kulipa ada ya shule. Kuwaambia waache ni kuwaambia wafunge biashara, na hilo sikulisema. Tulikwenda pamoja na mkubwa wao kutembea ukingoni, tukatazama maji yanavyopita. Juu wanachota maji ya kunywa, chini wanaogelea watoto, na wao wanaosha katikati. Alikubali wahamie chini kabisa, baada ya pale pa watoto, na yaliyomo ndani ya matumbo yamwagwe shimoni kabla ya kufika majini. Alitaka mambo mawili kwa kubadilishana: pipa la maji safi kwa ajili ya suuza ya mwisho, na mtu wa kuchimba shimo. Shimo Noko alilichimbisha kwa vijana wake. Pipa lilinunuliwa kwa mchango wa wachinjaji, kila mmoja akitoa bei ya kilo moja ya nyama. Kulijaza kila asubuhi ndilo suala ambalo bado tunalizungumza, maana mwenye mkokoteni anadai faranga zaidi msimu wa mvua, na wachinjaji wawili hawajakubali kuongeza.